Kabla ya Kulitoa Boksi la Hewa: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Pikipiki za Zamani, Mtwara

(Hii ni hotuba nzima iliyotolewa mjini Mtwara mbele ya mafundi, madereva na wamiliki wa pikipiki za zamani. Imewekwa hapa kwa ajili ya wenzetu wa Lindi, Nachingwea na Newala ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, mafundi wenzangu, madereva wa bodaboda, na nyinyi vijana mnaojifunza ufundi: Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nami nitabaki katika hilo moja. Ni boksi la hewa: lile boksi la plastiki, au la bati kwa pikipiki za zamani zaidi, linalokaa chini ya kiti nyuma ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli), na ndani yake inakaa filta. Karibu kila pikipiki ya miaka ya 1970 na 1980 inayoletwa gereji kufufuliwa huja na swali lile lile: “Fundi, kwa nini tusilitoe hili boksi, tukachomeka filta ndogo moja kwa moja kwenye kabureta?” Swali hilo ni la haki. Boksi limepasuka, mpira wake umekakamaa, spea hazipatikani, na kulitoa ili uifikie kabureta ni kazi ya kukesha. Kijana anaona kwamba bila boksi pikipiki inapungua uzito, inapendeza, na inatoa mlio mzito.

Jibu langu nalitoa mapema ili mnisikilize mkiwa mnalijua. Kwa pikipiki inayofanya kazi katika mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, boksi libaki. Likiwa limekufa, litengenezwe, au liundwe jingine lenye kufanya kazi ile ile. Na anayetaka kulitoa kabisa ajue kwamba tangu siku hiyo amejitwisha jukumu la kuipanga kabureta upya kutoka mwanzo, na la kuilinda injini kwa njia nyingine. Msingi wa yote ni swali moja ambalo nitawarudishia mara kwa mara: ulizeni hewa inapita wapi.

Ndugu zangu, tuanze na hesabu. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na Honda waliiunda wakizilenga nchi kama yetu, ambako barabara ni mbovu na matengenezo ni ya nadra. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 124. Injini ya fostroki huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta mara 3,000. Zidisheni. Kama kila mvuto ungeijaza silinda yote, zingekuwa lita 372 kwa dakika. Hata tukipunguza robo nzima, kwa sababu silinda haijai yote, bado tunabaki na lita 280 hivi kila dakika, yaani zaidi ya lita 16,000 kwa saa. Hiyo ni pikipiki ndogo kabisa, ya kubebea gunia moja la korosho na mtu mmoja. Sasa niambieni: hewa hiyo yote, katika barabara ya vumbi ya Tandahimba mwezi wa Agosti, inatoka wapi, na imebeba nini?

Kuna mzee mmoja wa huko Tandahimba, bwana shamba mstaafu, ambaye CG yake ameitunza tangu miaka ya 1980. Mwaka mmoja, kabla ya msimu wa kupulizia mikorosho, mjukuu wake alilitoa boksi akaweka filta ya kuchomeka yenye wavu wa waya, ya bei ya chini. Nyote mnajua msimu ule ulivyo. Kuanzia Mei au Juni hadi kuelekea Septemba, salfa ya unga inapulizwa kwa pampu juu ya mikorosho kuzuia ubwiri unga, na asubuhi hewa ya shambani inakuwa ya njano. Unga ule ni laini sana. Unakaa kwenye majani, kwenye nguo, kwenye kope za macho, na anayepita kwa pikipiki anapita ndani yake.

Ilipoletwa kwangu ilikuwa inatoa moshi wa bluu na inakula oili. Nilipoifungua kabureta, nilikuta kinywani mwake utando wa njano uliochanganyika na mchanga mwekundu, umeganda kwa mvuke wa petroli mpaka ukawa kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Silinda ilikuwa na mistari ya wima, na ukipitisha ukucha unakwama. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika kiasi kwamba nilipoiingiza moja peke yake ndani ya silinda, mwanya wa ncha zake ulipita milimita moja. Tuseme ukweli kuhusu salfa: yenyewe ni laini, haichubui chuma jinsi mchanga unavyochubua. Madhara yake ni mengine. Inaziba filta upesi kuliko vumbi la kawaida, na ile inayopenya ndani inaungua na kuwa gesi ambayo ikikutana na unyevu inageuka tindikali. Kinachochubua ni mchanga wa tambarare ya Makonde. Vyote viwili vilipita kwenye wavu ule wa waya, kwa sababu matundu yake yalitosha kuzuia mende na majani makavu, lakini vumbi halikuzuiwa na chochote.

Wenye pikipiki za tustroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, nawaomba msikilize zaidi. Katika fostroki, vumbi linashuka kupitia ringi ndipo linaifikia oili na beringi. Katika tustroki, hewa yote inapita kwanza ndani ya kasha la krenki. Maana yake ni kwamba vumbi linafika kwenye beringi za krenki na kwenye beringi ya chini ya kondrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, kabla halijafika juu ya pistoni. Yamaha DT yako ikivuta mchanga msimu mmoja, usishangae ukisikia mlio wa kugongagonga chini wakati pistoni bado inaonekana nzima.

Najua hoja inayokuja. Mtaniambia kwamba pikipiki za mashindano za Ulaya, za miaka ya 1950 na 1960, zilikuwa na kabureta zenye mdomo wazi kama tarumbeta, bila filta wala boksi. Ni kweli. Lakini zile zilikimbia kwenye lami, na injini zake zilifunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Wewe unatoka Kitangari na abiria wawili na ndoo ya samaki. Ulizeni hewa inapita wapi!

Jambo la pili ndilo ambalo mafundi wengi wanalipita, na ndilo linaloturudishia wateja wenye hasira. Watu wanadhani boksi ni nyumba ya filta basi. Lakini kabureta ya pikipiki ile ilipimwa kiwandani ikiwa imefungwa pamoja na boksi lake. Pistoni moja haivuti hewa kwa mtiririko sawasawa. Inavuta kwa mikupuo: inavuta, inanyamaza, inavuta, inanyamaza. Boksi ni kama mtungi wa maji nyumbani: bomba linajaza polepole, nawe unachota kata nzima kwa mara moja bila kusubiri bomba. Hewa inaingia boksini kwa njia yake nyembamba, inatulia humo, na injini inachota kutoka kwenye hewa iliyotulia. Ile njia nyembamba ya kuingilia, ambayo vijana wanaikata kwa msumeno wakidhani inaibana injini, ni sehemu ya hesabu. Inaamua ni kiasi gani cha mvutano kitafika kwenye jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, na mvutano huo ndio unaopandisha petroli.

Sasa ukilitoa boksi, hewa inaingia kwa urahisi zaidi, mvutano juu ya jeti unapungua, na petroli inayopanda inakuwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Injini inahitaji takriban gramu moja ya petroli kwa gramu 14.7 za hewa ili zote ziungue, na kwa nguvu kamili inataka petroli zaidi ya hapo, karibu gramu moja kwa 12.5 au 13. Ikikosa petroli hiyo, mchanganyiko unakuwa mkavu na joto linapanda. Mtasikia inapasukapasuka kwenye bomba la moshi mnapoachia mafuta. Mtaona inachelewa kushuka resi. Mtafungua plagi mkute kauri yake ni nyeupe kama chokaa. Na ikiendelea hivyo katika mlima mrefu wenye mzigo, pistoni inanata au inatoboka.

Yupo ndugu yetu mmoja wa Lindi aliyepata Honda CB250N, ile ya silinda mbili iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliikuta haina boksi, ina filta mbili za kuchomeka, moja kwa kila kabureta. Ilikuwa inawaka vizuri na kusimama sailensa, yaani kuunguruma bila kuongezwa mafuta, bila tatizo. Lakini ukifungua mafuta kupita nusu, inamisi, inasita, inakataa kupanda resi. Mafundi wawili walikwisha kuongeza jeti kubwa, na bado. Kwa nini? Kwa sababu kabureta za pikipiki ile haziinuliwi na waya moja kwa moja. Waya unafungua kipepeo tu, na kile kisima, yaani kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta kikibeba sindano ya kupimia petroli, kinanyanyuliwa na mvutano wa injini kupitia mpira mwembamba ulioko juu. Upande wa chini wa mpira huo unapata hewa yake kwa tundu lililopo kwenye kinywa cha kabureta, yaani kutoka kwenye hewa tulivu ya boksi. Nilipozitoa filta zile nikaangalia ndani kwa tochi, niliona kwamba ukingo mnene wa mpira wa filta umelifunika tundu hilo nusu nzima, kwenye kabureta zote mbili. Kisima kilikuwa kinapandaje? Ungeongeza jeti mpaka kesho, kisingepanda.

Tuliukata ule ukingo, ikapata nafuu lakini haikupona, kwa sababu upepo wa pembeni ulikuwa bado unaichezea hewa ya kinywani. Ilipona siku alipolipata boksi lake halisi kutoka kwenye pikipiki iliyokufa, tukarudisha jeti za kiwandani. Kwa kabureta za namna ile, zinazotegemea mvutano kuinua kisima, ushauri wangu hauna masharti: tafuta boksi. Kabureta ambazo waya unainua kisima wenyewe, kama za CG na DT, zina uvumilivu zaidi, na hizo ndizo unazoweza kuzipanga upya bila boksi ukiwa na subira.

Subira yenyewe ni hii. Anza na petroli nyingi kisha punguza, kwa sababu petroli nyingi inachafua plagi, lakini petroli chache inaua pistoni. Jeti ndogo inatawala mwanzo wa mkono wa mafuta, sindano inatawala katikati, na jeti kubwa inatawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Ukitaka kuongeza petroli ya katikati, shusha klipu ya sindano tundu moja ili sindano ipande. Jeti kubwa iongezwe namba moja moja. Na tafadhali sana, usichukue namba ya jeti ya Keihin ukaenda nayo dukani kutafuta ya Mikuni; hao ni watengenezaji wawili tofauti wa kabureta. Kwa Keihin, namba 100 ni tundu la milimita 1.00, lakini jeti nyingi za Mikuni zinahesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita, kwa hiyo namba zikifanana hazina maana sawa. Kisha nenda barabara ya lami, tuseme kuelekea Mikindani, ukiwa na plagi mpya. Fungua mafuta yote katika gia ya tatu kwa muda mfupi, zima injini papo hapo huku umekamata klachi, egesha pembeni, toa plagi uitazame. Kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe ni hatari. Nyeusi yenye masizi, punguza.

Na msisahau kwamba tunaishi kati ya bahari na mlima. Hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Pikipiki iliyopangwa vizuri hapa mjini, usawa wa bahari, ikifika Newala itakuwa na petroli nyingi kidogo, na hilo halidhuru. Lakini iliyopangwa kikamilifu kule juu, ikishuka huku pwani na mzigo, itakuwa kavu. Basi tupangie wapi? Pangieni chini.

Kuhusu mlio sitasema mengi. Boksi linapunguza kelele za uvutaji. Ukilitoa, injini inapiga kelele zaidi, na mtu anaisikia kelele akaihesabu kuwa ni nguvu. Pimeni kwa saa na kwa mlima, si kwa sikio.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu: boksi limekwisha, spea hakuna, nifanyeje?

Tulikuwa na Yamaha DT125 iliyowahi kuwa ya mradi fulani, imekaa stoo miaka mingi. Boksi lake la plastiki lilikuwa limepasuka vipande kwa joto. Kabla ya kutupa chochote, tuliviunganisha vipande vile kwa tepu, tukaziba matundu, tukajaza maji, tukayapima kwa chupa ya lita moja. Kipimo hicho tukakiandika. Tukapima pia upana na urefu wa njia ya kuingilia hewa. Halafu tukakunja bati jembamba la alumini kufuata nafasi iliyopo chini ya kiti, tukihakikisha kwamba ujazo wa ndani na njia ya kuingilia havipungui wala havizidi vya zamani. Mdomo wa kuingilia tuliuweka juu, chini ya kiti, ukitazama mbele mbali na gurudumu la nyuma linalorusha tope na mchanga. Chini kabisa tukaacha tundu dogo lenye mpira wa kutolea maji. Kwa nini alumini? Kwa sababu bati la chuma kwa hewa hii yetu ya chumvi linashika kutu kutoka ndani, na magamba ya kutu yaliyo upande wa pili wa filta hayana pengine pa kwenda isipokuwa kwenye injini.

Viungo vyote vya upande ule safi, kati ya filta na kabureta, vichomelewe. Msizibe kwa silikoni ya kawaida. Mvuke wa petroli unaivimbisha na kuilainisha, kisha inabanduka vipande. Nimekuta kipande cha silikoni kimekaa juu ya jeti kama kizibo.

Na godoro! Ndugu zangu, naomba tuelewane kuhusu godoro. Sponji ya godoro inakatwa, inawekwa ndani ya boksi, na siku ya kwanza pikipiki inakwenda. Sponji ile haikutengenezwa kukutana na petroli wala oili. Inasagika ikawa chembechembe, na chembe hizo zinaingia kabureta. Tena vitundu vyake vingi vimefungwa kwa utando, kwa hiyo hewa inapita kwa shida. Nunueni sponji ya filta kwa kipande, mkate wenyewe. Ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa, ipakwe oili, ikamuliwe kwa kuibana kati ya viganja bila kuisokota. Filta ya karatasi ni tofauti: haioshwi wala haipakwi oili, inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka inatupwa. Wakati wa salfa, anayepita mashambani kila siku aioshe sponji kila wiki.

Kwa fostroki, angalieni pia ule mpira mdogo unaotoka kwenye injini kuleta mvuke wa oili boksini. Ukiondoa boksi ukaacha mpira huo unaning'inia karibu na mnyororo, injini inaweza kuvuta vumbi kwa mlango wa nyuma. Uwekeeni filta yake ndogo.

Mkimaliza kazi, msiamini macho. Pakeni grisi nyembamba kwenye ukingo wa filta pale inapokutana na boksi, fungeni, mpeni mteja aende nayo siku chache za vumbi. Akirudi, toeni mpira wa kabureta, fungeni kitambaa cheupe kwenye kidole, mpanguse ndani ya kinywa. Kitambaa kikitoka na vumbi, hewa imepata njia nyingine: mpira umepasuka, klampu imelegea, au filta haikukaa. Rudieni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ile CG ya mzee wa Tandahimba, baada ya kuchonga silinda na kuweka pistoni ya saizi iliyoongezwa, tulirudisha boksi lake la zamani ambalo kwa bahati mjukuu alikuwa hajalitupa, tukabadilisha mpira tu. Msimu uliofuata alipita na kitambaa kilitoka kisafi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina ombi moja kwa wote. Katika magereji yetu, kuanzia Masasi hadi Kilwa, kuna maboksi ya pikipiki za zamani yaliyotupwa pembeni kwa sababu mtu alibadilisha mtindo. Wanunuzi wa vyuma chakavu na plastiki wanayachukua kwa bei ya kilo. Naomba tusiyauze hivyo. Kila mwenye boksi, hata lililopasuka, hata nusu, aliandike kwa kalamu aina ya pikipiki na mwaka kama anaujua, alihifadhi juu ya rafu, na atoe taarifa kwa wenzake. Hata lisilofaa kufungwa linafaa kupimiwa, na vipimo vyake mwingine atavitumia kuunda jipya. Nje pale nimeleta boksi letu la alumini na lile la plastiki lililopasuka, yote mawili. Njooni na rula na daftari, mpime, muulize. Asanteni sana.